Maji Niliyoyameza

Jumatatu, 15 Aprili

Daftari hili si langu. Ni la hoteli, lina ua la yungiyungi kwenye jalada, na kila mfanyakazi amepewa moja leo asubuhi. Mwalimu mpya wa utulivu, Veronicah, mtu wa bara, ametuambia tuandike kila siku jambo moja tunaloshukuru. Akasema hakuna atakayelisoma. Basi kama hakuna atakayelisoma, nitaandika nipendavyo.

Mimi ni Jumwa, dobi. Masika yameanza hapa Diani, wageni wamerudi kwao, na nusu ya wafanyakazi wamepelekwa nyumbani bila mshahara mpaka Julai. Sisi tuliobaki tunakusanywa bustanini kila asubuhi kabla ya kazi, tunakaa kwenye mikeka, tunafumba macho na kushukuru. Sharti la kikao ni moja tu: malalamiko hayaruhusiwi. Mwisho kila mtu hupewa kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye mchaichai. Unayatia kinywani, unayashika kidogo, unamfikiria mtu anayekuwia mgumu, unamtakia heri, kisha unameza.

"Meza pole pole," anasema Veronicah. "Usiharakishe. Huruma inaingia na hayo maji."

Leo nashukuru kwamba mchaichai ulitiwa sukari.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Mashuka hayakauki. Nashukuru.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo Veronicah alinisogelea akaniuliza kwa sauti ndogo mtu wangu mgumu ni nani. Nikamwambia sina. Akacheka, akasema kila mtu anaye. Nilitaka kumjibu kwamba mgumu wangu ni ile mashine ya kukaushia, imekufa tangu Machi na hakuna aliyeitaja katika shukrani zake. Lakini nilipofumba macho, aliyekuja ni Dama.

Dama ni binti ya kaka yangu Garama. Mama yake alifariki naye hajaacha ziwa. Garama akaniletea mtoto amefungwa kwenye leso, akasema nimshikie kidogo. Kidogo chake kilifika mpaka siku alipoolewa. Nilimpikia uji, nilimkeshea alipougua surua, nilimsomesha kwa mikono hii iliyobabuka kwa sabuni. Wanaume wawili waliokuja kunitaka waliuliza yule mtoto ni wa nani, na hawakurudi tena. Wazee husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ujira wa kazi hiyo hawausemi.

Mwaka juzi Dama akaposwa na Kavumbi, kijana wa kwetu Kinango anayekata miwa Ramisi. Kwetu, siku ya mahari shangazi ana mahali pake. Huketishwa mkekani mbele ya watu, hutandikwa leso mpya begani, na huambiwa ahsante kwa kulea. Siku hiyo mimi sikuambiwa hata tarehe. Niliona picha kwenye simu ya mtu: Umazi, binti ya ami yetu, amekaa kwenye mkeka wangu na leso yangu begani, meno yote nje. Huyo Umazi hakuwahi kumwosha Dama hata uso. Garama aliniambia baadaye kwamba walijua hoteli haitanipa ruhusa, hawakutaka kunisumbua.

Sina kinyongo. Naandika tu ilivyokuwa.

Alhamisi, 25 Aprili

Nashukuru kwamba chumba changu kinavuja upande mmoja tu.

Jumapili, 28 Aprili

Garama amenipigia simu. Dama ana mimba tena. Mbili za kwanza zilitoka kabla ya wakati, na hii ya tatu imeanza kumtisha. Akasema nimwombee. Nikamuuliza mbona Dama mwenyewe hapigi. Akasema anaona haya.

Haya ya nini? Niliyemtawaza ni mimi.

Atieno, mwenzangu wa kupiga pasi, alinikuta nimenuna akaniuliza kulikoni. Nilipomwambia alitikisa kichwa, akasema mtoto wa mtu ni kama sufuria ya kuazima, ukishaibandika jikoni ikapata moto, mwenyewe anaijia. Yeye kila asubuhi bustanini humtakia msimamizi wetu heri, heri iwe mbali naye. Nilicheka mpaka nikaunguza mto.

Ijumaa, 3 Mei

Sikutarajia kuandika haya. Leo bustanini nililia.

Veronicah alituambia tumrudishe yule mtu mgumu akiwa mdogo, kabla hajatukosea. Nikamwona Dama na rinda lake la njano akinifuata nyuma na ndoo ya kitoto kichwani, akiimba wimbo aliojitungia mwenyewe. Kifua kikanifunguka. Nikamtakia mtoto wake aishi, nikayameza maji yangu, na siku nzima mikono yangu ilikuwa myepesi. Nikaona kumbe huyu mwalimu anajua jambo. Veronicah naye aliona machozi akanisifu mbele ya wote, akasema dada Jumwa ni mfano wa huruma. Nilijisikia vizuri. Sijasifiwa tangu nimalize darasa la saba.

Nashukuru kwa rinda la njano. Hii ni shukrani ya kweli.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Nilimtakia heri Dama. Nilimtakia na Garama. Umazi bado.

Alhamisi, 9 Mei

Garama na Kavumbi walikuja leo hadi lango la hoteli, viatu vimejaa matope ya barabara nzima. Askari akaniita. Kaka yangu hajawahi kufika hapa tangu niajiriwe, kwa hivyo nilipomwona nilidhani Dama amekufa.

Hakufa. Damu imekuwa ikimtoka kidogo kidogo. Daktari amemwambia alale, asiinue kitu. Lakini wazee nao wamekaa, wakasema kuna mtu wa upande wa baba ana neno moyoni juu ya mtoto huyu. Kwetu neno la mzazi likikaa bila kusemwa, huweza kumfunga mwana hata kama mwenye nalo hakukusudia. Dawa yake ni kuhatsa. Unakaa mbele yake, unalisema lote linalokuuma, unatia maji kinywani, unampulizia kifuani, na neno linatoka pamoja na maji. Si uchawi, na wala si aibu. Hata baba yangu alimfanyia Garama alipouza ng'ombe bila kumuuliza.

Walikuja kuniomba maji. Lakini walivyoniomba! Garama alizungumza akiutazama ukuta. Hakusema tulikukosea siku ile. Alisema wazee wameonelea. Nikamjibu kwamba mimi sina kinyongo na mtu, kila asubuhi namtakia mwanawe heri mbele ya mashahidi. Kavumbi, ambaye hata jina langu huwa hajui alitamke vipi kwa heshima, akapiga magoti palepale kwenye matope, mbele ya askari na wapishi.

"Shangazi," akasema, "nakuomba. Huyu akitoka, Dama naye hatabaki."

Nikasema nitakuja Jumapili.

Jumapili, 12 Mei

Nitaandika taratibu, kwa maana sijui bado nimefanya nini.

Nilifika Ramisi mvua ikiwa imetulia. Nyumba ya Kavumbi iko ukingoni mwa miwa, na ua wote ulikuwa unateleza. Walikuwa wametandika mkeka barazani. Dama amekaa, leso imefungwa chini ya mabega, kifua wazi, macho yameingia ndani. Nilikuwa sijamwona kwa muda mrefu. Amekuwa mwembamba hata shingo imeonyesha mishipa. Aliniamkia, "Shikamoo shangazi," nikaitikia marahaba, basi. Watu wawili, kila mmoja anajua makovu yote ya mwenzake, tukakosa la kuambiana.

Nyuma yake alikaa Umazi. Alikuwa amevaa ile leso. Sijui kama alifanya makusudi au ndiyo leso yake nzuri pekee, lakini aliivaa.

Garama akanipa kata ya maji. Akasema, "Haya Jumwa, sema."

Nikasema sina neno na Dama. Akasema sema linalokuuma hata kama ni dogo, hapa hapana mgeni. Nikamtazama Dama, nikataka kusema. Wallahi nilitaka. Neno lilikuwa fupi tu: nilikulea na hakuna aliyeniambia ahsante, wala wewe. Lakini kulisema mbele ya Umazi, na ile leso begani, ilikuwa kama kuomba sadaka ya kitu kilicho changu. Nikaona haya. Ulimi ukaenda kwenye njia uliyoizoea. Nikajisikia nikisema, kwa sauti ileile ya bustanini, "Namshukuru Mungu kwa Dama. Nashukuru kwa mvua. Nashukuru kwamba sote tu wazima."

Garama alikunja uso, lakini akaniachia. Nikatia maji kinywani. Nikafumba macho. Nikayashika kidogo. Nikamwona na rinda lake la njano, nikamtakia heri, yeye na aliye tumboni, kwa moyo wangu wote, nasema kweli, sijamtakia mtu heri kama ile maishani mwangu.

Nikameza.

Nilipofumbua macho Dama alikuwa bado amekitoa kifua, anangoja maji. Kisha Umazi akasema polepole, kana kwamba anasoma tangazo:

"Ameyameza."

Dama akajifunika leso mpaka shingoni. Hakulia, alijifunika tu, kama mtu aliyefumaniwa anaoga. Nikanyoosha mkono nitie tena maji, nikawaambia ni mazoea, hotelini tunameza, nimekosea, nipeni tena. Garama aliichukua ile kata akamwaga maji uani.

"Maji ya namna hii hayarudiwi siku moja," akasema. Halafu akaongeza, "Wewe umetuonyesha unakotaka yakae."

Kavumbi alinisindikiza hadi barabarani kwa adabu yote, hakufungua mdomo. Heri angenitukana.

Jumatatu, 13 Mei

Sikunywa maji ya bustanini. Nilisema nina jino.

Ijumaa, 17 Mei

Leo nimemweleza Veronicah. Nilidhani yeye aliyenifundisha kumeza ataona uzito wake. Alinisikiliza vizuri, mkono kifuani, kisha uso ukamng'aa.

"Lakini dada Jumwa, si hiyo ndiyo tumekuwa tukijifunza? Ulikuwa na uchungu, ukauaccept, ukaumeza. Hiyo ni growth. Ningependa siku moja ushare na wageni."

Nilikuwa na pasi mkononi, ya moto. Nashukuru kwamba niliirudisha mahali pake.

Alhamisi, 23 Mei

Nimempigia Garama tena na tena, hapokei. Leo amepokea mkewe mpya, akasema mzee amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimwambia amwambie niko tayari kusema yote, hata mbele ya Umazi, hata sokoni. Akasema atafikisha. Mvua imekata barabara ya Kinango, labda na maneno hayapiti.

Atieno anasema niachane nao, shukrani ya punda ni mateke. Nikamwambia mimi ndiye punda katika hadithi hii, kazi nimefanya mimi. Akasema, "Basi piga teke na wewe." Hakujua kwamba ndugu zangu wanaamini nimeshalipiga.

Na usiku, je, sijiulizi? Najiuliza. Moyo wa mtu ni msitu. Labda mkono wangu ulijua, labda koo langu lilijua. Labda yale niliyoita huruma bustanini yalikuwa ni kufunika sufuria tu, na ndani chakula kinachacha. Tangu Aprili namtakia heri mtu ambaye sijamwambia hata siku moja kwamba ameniumiza. Ni huruma gani hiyo? Yeye hata hajui ana deni la neno moja kwangu.

Jumanne, 4 Juni

Atieno ana rafiki anayefanya usafi hospitalini Msambweni. Ndiye aliyemwambia kwamba Dama amelazwa. Mimi nimepata habari za mwanangu kwa mdomo wa Atieno, mtu wa Siaya huko bara. Nikaomba ruhusa, wakaninyima, nikaenda.

Nilimkuta amelala kwa ubavu, kitanda kimeinuliwa miguuni. Umazi alikuwa ameketi kando, anamenya chungwa. Aliponiona akasimama, na kwa mara ya kwanza hakunicheka. Akasema, "Karibu, lakini usihangaike na maji. Nilishampulizia mimi juzi. Garama aliniomba." Akasema na nesi ni mtu mwema, dawa Dama anazipata, damu imesimama.

Nilimuuliza alisema neno gani kabla ya kupulizia. Maana yeye ana neno gani na Dama? Dama amemkosea wapi, kwa kumpa leso? Umazi akasema alisema kidogo tu, kwamba kuna siku Dama hakumwamkia njiani. Akatoka nje na maganda yake.

Tukabaki wawili. Dama hakugeuka. Alizungumza akiutazama ukuta, kama baba yake.

"Shangazi, mimi nilikukosea nini? Niambie leo."

Hapo ndipo palikuwa pahali pake. Hapakuwa na Umazi, hapakuwa na leso, hapakuwa na Garama na kata yake. Niliutazama ule mgongo niliouogesha, na mirija, na yale macho ya kitanda cha pili yanayonitazama. Nikawaza, mgonjwa huyu, nimtwishe na hili? Daktari amesema asishtuliwe. Nikasema:

"Hukunikosea kitu, mwanangu."

"Basi," akasema. "Kama sikukukosea, sina la kukuomba. Na wewe huna la kunipa."

Nimemeza mara mbili sasa, na mara ya pili hapakuwa hata na maji.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepewa barua ya onyo kwa kutoka bila ruhusa. Nilipokuwa naanika nyuma ya jikoni, chini ya paa la bati, nilimkuta Veronicah akilia kwenye simu. Alikuwa anamwambia mtu kwamba hawezi kumwona mtoto mpaka Agosti, na amwambie mama anasema lala salama. Aliponiona alifuta uso, akatabasamu lile tabasamu la mikekani. Nikajua na yeye anameza. Nilimpa shuka kavu ajipangusie, la pekee lililokuwepo.

Jumatano, 19 Juni

Nashukuru. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 29 Juni

Dama amejifungua. Mtoto wa kike, kabla ya wakati kidogo, lakini analia na ananyonya. Wote wawili wazima. Nilianguka magotini palepale kwenye mashuka machafu. Alhamdulillahi, Bwana asifiwe, na koma za wazee wetu waliotangulia zilale salama, sikuchagua.

Kisha nikafungua simu vizuri. Kavumbi ameandika kwenye kundi la ukoo, na chini yake picha: Umazi amembeba mtoto, amemfunika kwa ile leso. Ameandika, "Tunamshukuru Mungu, tunawashukuru madaktari, na tunamshukuru sana shangazi Umazi kwa maji yake. Ahsante kwa kumlea Dama wetu hadi leo."

Kwa kumlea.

Watu wote wameandika amina. Na mimi nimeandika amina.

Jumatatu, 1 Julai

Wageni wameanza kurudi. Leo waliletwa bustanini kuona jinsi wafanyakazi tunavyoshukuru, wamekaa nyuma yetu kwa duara na nguo zao nyeupe nilizozipiga pasi mimi. Veronicah akaniita mbele. Akasema niseme kwa Kiswahili chetu kitamu cha pwani, yeye atawafasiria.

Nilisimama. Nikatazama upande wa Ramisi, ambao kutoka pale ni upande wa pipa la takataka. Nikasema, sikupiga kelele, lakini neno sikulipunguza:

"Dama, nilikulea tangu hujaacha ziwa. Niliacha kuolewa kwa ajili yako. Siku ya mahari yako nilisubiri mtu aniambie ahsante, nikaona leso yangu begani kwa mwingine. Hukuniambia ahsante siku ile, wala baada yake. Hilo ndilo linaloniuma, na limeniuma kila asubuhi niliyodai kukutakia heri. Sasa nimelisema."

Atieno aliinama akafunika uso. Veronicah alinitazama muda mrefu, macho yamemjaa. Nilidhani atanyamaza. Kisha akawageukia wageni, na kwa Kiingereza chake kizuri akawaambia kwamba huyu mama anashukuru kwa kujaliwa kulea mtoto asiye wake.

Wageni wakaweka mikono vifuani. Nikachukua kikombe, nikatia maji yote kinywani, na Veronicah kwa mazoea akasema meza pole pole. Nikayapuliza. Yalitoka kwa nguvu, yakatawanyika kwenye jua, yakaangukia nyasi. "Uwe na amani, wewe na mwanao," nikasema. Mgeni mmoja akaanza kupiga makofi, wote wakafuata. Mama mmoja mzee akanijia, akanishika mikono yangu iliyobabuka kwa mikono yake miwili, akasema kwa Kiswahili cha kitabuni, "Asante sana. Asante sana, mama."

Ndiye mtu wa kwanza. Na hajui ni kwa lipi.

Kifua cha Dama kilikuwa Ramisi. Kwetu, maji yasiyofika kifuani ni maji tu.

Jumanne, 2 Julai

Jua kali tangu asubuhi. Kufika saa sita mashuka yote yalikuwa yamekauka.

Mimi bado.